Kaku Alitoa kwa Mkono wa Kuume

Kolwezi, nyumbani, jua bado halijashuka

Ngalula, mwanangu, wewe mwenye jina la mama yangu,

Mama yako amekupeleka kwa jirani kusukwa nywele. Najua mtakawia, maana yule jirani husuka kidogo na kuongea sana. Nimekaa mezani karibu na dirisha, nimefunga mlango kama mtu anayefanya jambo baya, na ninachofanya ni kukuandikia tu.

Habari za sabuni, za kufua sare, za kutokunywa maji ya bomba kabla ya kuyachemsha, mama yako ameshakueleza, na atakueleza tena stesheni mpaka treni iondoke. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja, nalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Unakwenda Lubudi kukaa kwa Kaku, bibi yako, na kusoma kwa masista. Kaku mwenyewe ndiye aliyekuomba. Alimtuma yule fundi wa reli anayepita hapa, naye akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema: "Mama anasema, mumutumie majina yake. Yeye peke yake." Majina yake ni wewe, mtoto uliyepewa jina lake. Na peke yake maana yake ni bila mimi. Ulinitazama usoni kuona kama nimeumia, nami nikajifanya nimeumia. Kweli ni kwamba nilishukuru. Nilikuwa nimepata njia ya kumwomba mama yangu msamaha bila kusimama mbele yake. Ningekupa wewe maneno, ukayafikishe.

Ndiyo maana nimekuwa nikikufundisha hotuba ile fupi, "Kaku, Tata anasema," na umeishika vizuri kama shairi la shule. Lakini mara ya mwisho ulinyamaza katikati, ukaniuliza: "Tata, na akiniuliza juu ya nini haukukuya weye mwenyewe, mi nitamujibu nini?" Nikakuambia ujibu kwamba kazi ni nyingi. Ukasema, "Ndiyo, Tata," kwa sauti ya mtu anayemhurumia mtu mwingine.

Barua hii ni jibu la swali lako.

Wewe unanijua kama karani. Naandika karatasi za malori ya Mzee Ramazani, yanayokwenda Sandoa na mpaka Musumba kuleta muhogo, na kila jioni unaniona narudi na kola safi na macho mekundu. Unajua pia kwamba mimi ni mwoga. Naogopa muhuri uliopinda. Naogopa askari anayeomba karatasi hata kama karatasi zote ninazo. Nilikupata nikiwa kijana sana, na hata siku ulipozaliwa niliogopa kukubeba, Kaku akanicheka, kama ninaogopa faili: "Beba, haiko dosie ya office." Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiogopa, nacho ni kuchora. Wewe uliona mwisho wake tu. Sasa nikuambie mwanzo.

Shuleni alitufundisha Frère mmoja mzee, bruda wa kanisa, Mholanzi, mrefu, aliyeinama kama mti wa papai wenye matunda mengi. Alikuwa na kitabu kizito cha picha za kwao, sura za watu waliokufa zamani sana, zote zimechorwa kwanza juu ya bamba la shaba kisha zikapigwa kwenye karatasi. Alipoweka kitabu mezani alisema, "Ninyi mnakaa juu ya shaba na hamjui inaweza kushika uso wa mtu." Nilitegemea kuona wafalme. Nikaona mama mzee aliyejifunga kitambaa kichwani, mikono imelala mapajani. Nikaona mwanamke anamenya kitu juu ya kikapu na hana haja na sisi. Nikaona mwanamume aliyekunja uso, amesogea dirishani ili asome. Watu wa kila siku, na nguo zao za kila siku. Tuliokuwa tukicheka nyuma tuliacha kucheka.

Frère alinipa lensi, akaniambia nitazame shavu la yule mama mzee. Ngozi haikuwepo. Palikuwa na mistari tu, myembamba kama nywele, mingine imelala, mingine imepita juu ya mingine pale penye giza.

"Mwanga uko wapi?" akaniuliza.

Nikaonyesha paji la uso.

"Weka kidole hapo. Amechora nini?"

"Hajachora kitu, Frère. Ni karatasi tu."

"Basi," akasema, akafurahi kama nimempa zawadi. Mwanga ulikuwa ni pale ambapo mchoraji alizuia mkono wake. Nilikuwa na miaka ya ujinga, lakini hilo nililielewa palepale, na nadhani ni kitu pekee nilichowahi kukielewa bila kuogopa kwamba nimekosea.

Alitufundisha kazi yenyewe. Bamba hupakwa nta nyeusi. Unachora kwa sindano, na sindano inaondoa nta, shaba inaonekana inang'aa ndani ya weusi. Kisha bamba linaingia kwenye asidi, na asidi inakula pale sindano ilipopita, kwingine haigusi. Unaondoa nta, unapaka wino, unafuta, wino unabaki ndani ya mistari. Halafu karatasi yenye unyevunyevu juu yake, na vyote viwili tulivipitisha kwenye mashine ya zamani ya masista ya kukamulia nguo, yenye magogo mawili na mkono wa kuzungusha. Karatasi inatoka na uso wa mtu.

Na alituonya. Alisema shaba hugeuza. Kilicho kuume kwenye bamba kitakuwa kushoto kwenye karatasi, kwa hiyo tuwe na kioo, tumchore mtu jinsi kioo kinavyomwonyesha. Akatufungulia ukurasa wenye bwana mmoja aliyevaa upanga upande usio wake, akacheka mpaka akakohoa. Hata mabingwa wa kwao walisahau. Kwao ilikuwa kichekesho. Sisi pia tulicheka, darasa zima la watoto tuliopigwa vidole tangu tukinyonya ili tusitoe kitu kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyefikiri mbele zaidi ya upanga.

Serikali ilipochukua shule, Frère alirudi kwao. Aliniachia sindano zake, chupa ya asidi, karatasi chache nzuri, na bamba moja la shaba, kubwa kama daftari, pamoja na barua yenye muhuri wa shule inayosema kwamba bamba si mali ya mgodi. Katika mji huu unajua maana ya shaba ndani ya nyumba ya mtu. Nililificha ndani ya gunia la unga, na mama yako akalalamika kwamba bukari, ugali wetu, inanuka mshumaa. Kwa miaka sikuligusa. Bamba moja tu, nami niliogopa kuliharibu.

Halafu shangazi yako Mbombo akapata mchumba, na wakwe wakatuma neno kwamba watakuja kutuona. Babu yako alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mwenye nyumba wa kuwapokea ni mimi. Nilitazama ukuta wetu. Kulikuwa na picha ya Mkuu wa nchi kama ilivyokuwa kila nyumba, na kalenda. Nikataka wakwe waingie waone kwamba hapa anakaa mtu aliyesoma. Sikutaka kumheshimu Kaku, Ngalula. Ningependa kuandika kwamba nilitaka. Nilitaka ukuta.

Yale yaliyofuata uliyaona, lakini ulikuwa mdogo, labda umebakiwa na vipande. Tulikaa barazani asubuhi kabla sijaenda kazini, kwa sababu asubuhi mwanga ulikuja kutoka upande mmoja tu, kama kwenye kitabu. Kaku alitaka kuvaa kitenge kipya. Nikamkatalia. Nilimtaka na blauzi yake ya kila siku, ile yenye kiraka begani.

"Unataka bakwe baone mi ni maskini?" akauliza.

"Hapana, Mama. Nataka waone mwanga."

"Mwanga ya kiraka."

"Usitingishe kichwa, Mama."

"Uko unaniangalia sawa polisi. Hata baba yako haakuniangaliaka hivi. Angeniangalia hivi, tungekuwa na batoto kumi na mbili."

Wewe ulicheka, nami nilikasirika kwa sababu alicheka pia, na mdomo ukahama.

Kile kitendo cha kutoa maji alikichagua mwenyewe. Nilipomwuliza akae vipi, hakufikiri. Alisimulia kwamba alipofika hapa kutoka Kasai, bibi arusi wa mfanyakazi wa mgodi, hakujua lugha ya mtu yeyote kambini, na mumewe alikuwa zamu. Alikaa chini karibu na bomba na mzigo wake. Mwanamke mmoja wa hapa alijaza kikombe, akamletea, mkono wa kuume umeshika kikombe, wa kushoto umegusa kiwiko, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake. "Na mi nilikuwa mutoto tu," akasema Kaku. "Alinipatia sawa mi ni chef, mukubwa. Njo pale nilijua nitaweza kuikala hapa." Kwa hiyo akataka nimchore anatoa maji. Tukakusimamisha wewe mbele yake, mikono yako miwili imeinuliwa kupokea, na kila asubuhi ulikunywa maji usiyokuwa na kiu nayo.

Sijawahi kumtazama mtu kama nilivyomtazama mama yangu siku zile. Niliona kovu dogo kwenye nyusi. Niliona kwamba jicho moja hufumba kidogo kabla hajatania. Karani huangalia watu ajue wanataka nini, basi. Mimi nilikuwa naangalia ngozi ya chini ya jicho na kujiuliza mistari mingapi inatosha, na wapi niache. Nilichora vizuri, mwanangu. Siwezi kujidanganya hata kwa unyenyekevu. Lakini nilichora jinsi jicho lilivyoona, moja kwa moja juu ya nta. Kioo kilikuwa kimetundikwa chumbani. Sikukikumbuka.

Mashine ya masista ilikuwa bado kwenye stoo ya shule, na mlinzi aliniruhusu kuingia. Nilipiga karatasi asubuhi ileile ya wageni. Nilipoinua kona na kuona uso wake, nilisema kwa sauti, "Mama." Paji la uso lilikuwa na mwanga kabisa. Kiraka kilikuwa na mwanga. Halafu macho yangu yakashuka.

Niliona. Sitaki ufikiri sikuona. Kikombe kilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Nilisimama na karatasi mbichi mikononi, na nikafikiri kama karani. Wageni wanakuja. Nafasi ukutani iko wazi. Bamba ni moja, na haliwezi kufutwa na kuchorwa upya kwa siku moja. Wataangalia uso. Hawataona. Nikaitundika.

Mama Kapinga, shangazi wa mchumba, ndiye aliyeongoza ujumbe wao. Unamkumbuka, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki. Tulipokwisha kusalimiana, alisimama mbele ya picha. "Sitwayeni karani!" akasema, akiniita raia kama ilivyoamriwa siku hizo. "Njo mama huyu? Kweli anataka kusema! Weye uko na mikono." Wote wakasogea. Nami, badala ya kuwakalisha, nikaanza kuongea. Nilieleza Uholanzi. Nilieleza mstari na mwanga. Nilisema wale watu hawakupamba, hawakudanganya, walichora kile ambacho jicho linaona, na ndivyo nilivyofanya mimi. Niliongea hivyo muda mrefu, mbele ya watu waliokuja kuzungumza habari za ndoa, na Kaku alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni akitabasamu kwa ajili yangu. Alikuwa hajaiangalia picha kwa karibu. Alikuwa na aibu ya kujiangalia.

Ndipo Mama Kapinga akainamisha kichwa. "Lakini," akasema, "hapa mu nyumba, banapatiaka bageni mayi na kushoto?"

Mtu mmoja akacheka. Mjomba wao akasogea, akaangalia, akasema, "Kumbe ni kweli. Ni kushoto."

Kulikuwa na jibu rahisi. Nimekosea mimi, shaba hugeuza, mama yangu alitoa kwa mkono wa kuume. Maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba nimechora kweli tupu, na niliona jinsi watakavyocheka, mwanafunzi wa Wazungu asiyejua kuume na kushoto. Niliwaogopa. Nikasema, "Mimi nilichora vile nilivyoona."

Wewe uliruka kutoka nyuma ya mlango. "Hapana, Tata! Kaku alinipatiaka na mukono ya kuume! Mi njo nilikuwa napokea!"

"Nyamaza," nikasema.

"Muache mutoto aseme," akasema Mama Kapinga, na macho yake hayakuwa ya mzaha tena. Kwa upande wao lilikuwa jambo kubwa, kujua binti wanayemwoa amelelewa na mkono gani.

Nikakushika sikio. Nikalivuta mbele ya wageni, nikasema watoto hawaingii katika maneno ya wakubwa, nikakutoa nje. Nilikuvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika hata kwa uwongo wangu.

Niliporudi ndani, Kaku alikuwa ameshasimama. Alijaza kikombe, akampelekea Mama Kapinga kwanza, wa kuume umeshika, wa kushoto umegusa kiwiko, kama siku zote. Na wote waliangalia ule mkono. Hawakuangalia uso wake, wala kikombe. Mama Kapinga alisema, "Aksanti, mama, nilikunywa kwetu." Kaku alibaki na kikombe katikati ya chumba. Nilikuwa karibu naye. Ningeweza kukipokea mimi nikanywa. Hata hilo sikulifanya.

Ndoa ilipatikana baadaye, baada ya maneno mengi na safari nyingi, lakini Kaku hakuhudumia mtu siku ya sherehe. Na wewe unajua jinsi jina lilivyoenea. Bombani walimwita Mama Kushoto, kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha, halafu bila hata kukumbuka sababu, na hapo likawa jina kabisa. Mara moja ulirudi kutoka bombani umepigana, magoti yana damu. Mama yako akakuuliza, ukakataa kusema. Mimi nilijua.

Kitu cha kuliua jina lile nilikuwa nacho. Bamba lenyewe. Juu ya shaba Kaku anatoa kwa mkono wa kuume, jinsi alivyokuwa, na mtu yeyote angeliona angeelewa. Lakini kulitoa nje ya gunia kulikuwa kuonyesha watu shaba, na kuonyesha watu uwongo wangu. Niliogopa yote mawili. Nikajiambia nitarekebisha kwanza. Nikachukua kisu cha kukwarua, nikaanza kufuta mkono kwenye bamba ili niuchore upya upande mwingine. Mistari ilikuwa imeingia ndani. Nilikwarua mpaka shaba ikafanya shimo, na mkono mwingine haukukubali kuingia mahali pale. Sasa mama yangu kwenye bamba lile ana uso, ana bega lenye kiraka, ana mtoto anayengoja na mikono miwili, na katikati yao hakuna kitu. Frère angeniuliza, nimechora nini hapo.

Siku Kaku alipoondoka kwenda Lubudi kwa mdogo wake, nilimbebea mzigo mpaka ndani ya behewa. Alikaa, akaweka kitambaa chake sawa, akasema bila hasira, "Ile siku nilikuwa nangoya neno moya tu, mwana wangu."

Nikamjibu, "Mama, treni inaondoka."

Nikashuka.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, Ngalula. Unaona kwamba hotuba niliyokufundisha haina hata moja kati yake. Inasema "Tata anaomba musamaha kwa mambo yale." Mambo gani? Nilitaka hata neno la kosa lipite mbali na mdomo wangu.

Mimi si mtu wa kukupa mashauri. Nikuambie usiogope? Ninaogopa hata sasa, nikisikia hatua nje. Lakini naweza kukuambia nilichoona ndani ya woga, maana nimekaa humo kwa muda mrefu. Woga wangu haukuniambia kamwe, "Mkane mama yako." Ungeniambia hivyo ningekataa. Uliniambia kitu kidogo, chenye akili: hawataona; ngoja wageni waondoke; rekebisha kwanza. Na kila mara ilionekana kama busara. Huko kwa masista utasifiwa, kwa sababu una akili, na siku moja utakuwa umesimama mbele ya watu katikati ya sifa, na utagundua umekosea. Mimi hapo nilitazama nyuso za wageni. Sijui ukiwa hapo utatazama wapi. Naomba tu isiwe usoni mwa mtu kama mimi.

Na kuna kosa moja ambalo Kaku hajui, linakuhusu wewe. Tangu siku ile ya sikio, kabla hujajibu swali lolote, unanitazama kwanza. Mwalimu wako alipokuja hapa akakuuliza unapenda somo gani, ulinitazama. Mtu akikuuliza kama unasikia baridi, unanitazama. Ulisema kweli mara moja, kwa sauti, mbele ya watu wazima, ukiwa mdogo kabisa, na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba hiyo huuma. Mistari hiyo nimeichora mimi, na imeingia ndani. Naona aibu kwa Kaku, lakini yeye alikuwa mtu mzima na alinijua. Kwako sina hata mahali pa kusimama.

Sasa sikiliza la mwisho. Nimeliweka hapa chini kwa makusudi. Yale ya juu ilibidi niyaandike kwanza, ili yakishaandikwa nisipate njia ya kurudi nyuma.

Mchana huu nilikwenda mezani kwa Mzee Ramazani. Alikuwa anakula machungwa.

"Patron," nikasema, "naomba ruhusa ya siku chache."

Akaacha kumenya. "Karani, tangu uingie hapa hujaomba hata ruhusa ya kuumwa. Umeua mtu?"

"Hapana, Patron. Nakwenda Lubudi kumwona mama yangu."

"Anaumwa?"

Hapo njia ilikuwa wazi kabisa. Angekubali mara moja. Nikasema, "Hapana. Mzima. Nilimkosea."

Alinitazama, akatazama malori nje, akanitazama tena. "Na karatasi za Sandoa zitaandikwa na nani? Na hawa madereva wangu, wanaoandika sawa kuku anaparua?" Akaanza kunung'unika juu ya makarani wote wa dunia, na alinung'unika mpaka chungwa likaisha. Halafu akasema, "Enda. Ukichelewa nitachukua mwingine." Sijui kama ni utani.

Kwa hiyo, ukisoma maneno haya, tumeshaondoka Kolwezi. Sitakupa barua hii mpaka treni iwe inakwenda kasi, kwa sababu najifahamu, ningeweza kushuka. Niko mbele yako, naangalia nje kama mtu anayependa sana miti. Usiniambie kitu kabla hujamaliza.

Sahau ile hotuba. Usiseme hata neno lake moja. Alikuomba wewe peke yako, nami nakuja bila kuitwa, na hilo ni kosa jipya juu ya yale ya zamani. Atakuwa na haki ya kulisema. Tukifika utaingia wewe kwanza, kwa sababu ni wewe anayekungoja. Atakukumbatia, mkae, ule kama amepika. Mimi nitabaki uani. Akiisha kukuangalia vya kutosha, mwambie kwamba niko nje, basi.

Nitakapoingia, usitoke kwenda kucheza, hata akikutuma. Nataka usikie. Nitasema mbele yako kwamba ulisema kweli na mimi nilikuvuta sikio kwa ajili ya kweli hiyo, na nitasema mbele ya mdogo wake Kaku, na mbele ya majirani kama wapo, alitoa kwa mkono gani. Kisha ataanza yeye. Ataniita majina ambayo hujawahi kusikia baba yako akiitwa. Usinitetee. Usinitazame mimi pia, mtazame yeye. Na akikuuliza jambo lolote, lolote lile, mjibu papo hapo.

Akinifukuza, nitalala stesheni, na asubuhi nitapiga hodi tena.

Baba yako, ambaye sasa unaweza kuinua macho umtazame